Skopu Iliyoandikwa ZIMA

Mmoja wenu ana skopu yangu. Yuko Nzega, au alikuwa Nzega siku tulipoongea kwa simu, na haniamini. Ameshanifungia namba. Kwa hiyo naandika haya kwa ninyi nyote mnaopenda kununua vipimo vya umeme vilivyotumika, kwa sababu najua hamna siri, mnatumiana kila kitu. Huenda yakamfikia kabla hajaishika vibaya.

Skopu, kwa yule ambaye ndiyo kwanza anaanza, ni sanduku lenye kioo kidogo linalochora umeme kama mstari unaopanda na kushuka. Multimita inakwambia umeme upo kiasi gani. Skopu inakuonyesha unavyotembea. Fundi akishaizoea, kufanya kazi bila skopu ni kama kula na kofia usoni.

Nina miaka arobaini na saba. Shule nilifika kidato cha nne nikaishia hapo, na umeme nilifundishwa na mtu aliyeishia darasa la saba, aliyejua kuliko walimu wangu wote wa fizikia. Tulikuwa Gongoni, Tabora mjini, tukitengeneza redio, televisheni na vipimo vya mafundi wenzetu. Niliacha bila barua na bila sherehe. Sasa natembea. Urambo, Kaliua, Uvinza, Ujiji, halafu narudi nilikotoka. Watu wa njiani wanadhani nina biashara. Sina. Natafuta kitu kimoja, na kitu chenyewe ndicho hicho alichonacho mwenzenu.

Nitafika huko. Kwanza mniruhusu niwafundishe kidogo, maana nikianza na lawama mtaniona kama yeye alivyoniona.

Mwalimu wangu aliitwa Fundi Nkwabi. Alikuwa mrefu, mkimya, na shati lake halikukosa tundu moja la risasi ya kulehemia. Alipopelekewa kipimo cha kununua, hakukiwasha. Alikinusa. Alisogeza pua kwenye matundu ya hewa akavuta taratibu, kama mtu anayenunua samaki. Wauzaji walimcheka, mimi pia nilimcheka mwaka wa kwanza. Lakini kipimo kina harufu tatu, na zote utazijua ukijizoeza. Harufu ya vumbi lililopashwa moto haina neno. Harufu tamu inayochoma koo ni transfoma iliyoungua, hata kama leo inawaka. Na harufu ya mkojo wa panya ni bodi iliyoliwa ndani, nyaya zimekuwa kijani, na utakuwa unaitengeneza mpaka uzeeke.

Akishanusa, alikuwa na swali moja tu. Mimi kwa haraka zangu nilizoea kuuliza, "Ni nzima hii?" Alinikataza.

"Usimuulize mtu kama kitu chake ni kizima," alisema. "Hata jeneza ni zima."

"Sasa niulize nini, mzee?"

"Uliza mara ya mwisho ilipima nini."

Jaribuni, mtaona. Mtu aliyekitumia kipimo anajibu papo hapo: nilipima chaja ya pikipiki, nilipima spika za kanisa. Aliyekiokota stoo anakwambia, "Inapima vitu vyote." Huyo muage vizuri na uendelee na safari yako.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa hilo jibu nikalipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa Urambo, kwenye ghala la tumbaku lililokuwa linafungwa. Mlinzi akanitolea kisanduku cha bati chenye mshale, vifundo viwili na nyaya mbili zenye ncha kali. Akasema kinapima umeme wa kila aina. Maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua, na kijana akiona maandishi asiyoyajua anadhani ameona utajiri. Nikapanda nacho treni nimekipakata mpaka Tabora. Fundi Nkwabi akakigeuza, akazigusa zile ncha kwa kidole, akanitazama.

"Umenunua kipimo cha unyevu wa tumbaku," alisema. "Si kibaya. Siku ukipata shamba, tuite."

Kilikaa kwenye rafu yetu miaka mingi. Kila nilipojidai, alikiangalia tu.

Ninyi siku hizi mnanunua kwa picha. Mtu anatuma picha ya upande mmoja, kioo kimewaka, chini ameandika "chuma hiki, zima kabisa", na nyie mnajibu "chukua mkuu". Hakuna anayeomba picha ya nyuma. Nyuma ndiko kunakosema ukweli. Nyuma kuna swichi ndogo ya kuchagua umeme, na vitu vingi vilivyotoka ng'ambo vimewekwa kwenye volti mia na kumi, nusu ya umeme wetu. Ukikichomeka hapa kwetu kama kilivyo, utasikia mlio mdogo, kisha moshi, kisha utaanza kuwatukana Wajapani. Mimi nilishawatukana. Hawakusikia.

Mkienda kununua, msiende mikono mitupu. Mfukoni weka betri mpya moja na rezista moja, kijipande kinachozuia umeme, ambayo thamani yake unaijua kwa hakika. Multimita ya mtu ikishindwa kuisoma betri yako mpya, usikubali kuambiwa betri ndiyo mbovu. Ifungue mgongo uangalie fyuzi. Ukikuta fyuzi imeondolewa, mahali pake pana uzi wa shaba au karatasi ya sigara, irudishe taratibu mezani, kwa sababu aliyeitumia alikuwa hajipendi, na mita hiyo imeshapigwa.

Skopu iache imewaka nusu saa. Muuzaji atakuja na visingizio, umeme ghali, anafunga duka, mkewe mgonjwa. Wewe kaa. Ubovu mwingi hulala kipimo kikiwa baridi na kuamka kikipata joto, na muuzaji anajua hivyo kuliko wewe. Mbele ya skopu kuna kijichuma kidogo kinachotoa umeme wa mraba. Gusa hapo na waya wa kupimia. Kama kichwa cha mraba kimepinda, zungusha kwanza skrubu ndogo iliyo kwenye waya wenyewe. Watu wengi wametupa skopu njema kwa sababu ya skrubu hiyo, na wengine tumeziokota.

Hapo naungama dhambi ndogo, maana itanirudia mbele. Tulikuwa na ujanja wetu, na mimi niliueneza kuliko wote. Ukikiona kitu kizuri na kuna mwingine anakitolea macho, unamsogelea kama ndugu unamnong'oneza: "Hicho kimekufa, mdogo wangu, usijipoteze." Akishaondoka unakinunua. Nimewafanyia hivyo mafundi wa Kaliua, wa Usoke, hata wa Isikizya ambao nilikuwa nakula kwao. Fundi Nkwabi alinisikia siku moja. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ipo siku utamwambia mtu ukweli, naye atakuwa ameshaujua ujanja wako huu."

Sasa tufike Usoke.

Kulikuwa na banda la kuonyeshea mpira, na televisheni yake kubwa bapa ilikufa asubuhi ya siku ya mechi ambayo kila mwanamume wa kijiji alikuwa ameisubiri. Nilitumwa mimi. Niliichukua skopu, nikaacha transfoma ya kutenganisha.

Hii transfoma muielewe, maana kila kitu kinazunguka hapa. Skopu ina waya wa ethi, ule wa kijani na njano, unaounganisha mwili wake wa chuma na ardhi ili wewe usipigwe. Lakini upande mmoja wa pawa saplai, sehemu inayogawa umeme ndani ya televisheni za kisasa, umeunganika moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukibana kishikio cheusi cha waya wa skopu, ambacho kimeungana na ethi, upande huo, umeme unapata njia ya mkato kwenda ardhini kupitia skopu yako. Fundi mwenye akili anachomeka televisheni kwenye transfoma ya kutenganisha, inayoitenga na umeme wa ukutani, na balaa linaisha. Yetu ilikuwa nzito kama mtoto wa ng'ombe. Nikasema, treni, pikipiki, jua hili, ya nini.

Nikabana kishikio. Mlio ulikuwa kama bastola. Kishikio kikayeyuka nusu, diodi mbili za televisheni zikaenda, na umeme wa banda lote ukakatika. Nje watu walikuwa wameshaanza kukaa.

"Fundi, imepona?" mmoja akauliza dirishani.

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ya kwako au ya kwetu?"

Wakacheka. Kicheko hicho kilinifanya nifanye nilichofanya. Nilijua njia ya mkato ambayo mafundi wengi wanaijua na Fundi Nkwabi alinikataza siku ya kwanza kabisa: kuikata ethi ya skopu. Ukiikata, hakuna mlio tena. Unapima upande wowote. Ila sasa mwili wa skopu, mpini wake na kila chuma unachokigusa, vimekuwa umeme wa ukutani. Skopu inachora vizuri kama kawaida. Tofauti ni kwamba sasa inaweza kuua.

Wengi wanakata pini kwenye plagi. Mimi sikukata pale, kwa sababu Fundi Nkwabi alikuwa na tabia ya kuzipitia plagi zetu kila asubuhi kabla hajanywa chai. Nilifungua mfuniko nikakata ndani, nyuma ya transfoma ndogo, mahali ambapo jicho halifiki. Ncha isije ikagusa chochote, niliifunga kando kwa uzi wa katani niliouokota uani kwa watu, ule wa kufungia majani ya tumbaku, kwa fundo la tumbaku. Plagi ikabaki na pini zake tatu zote, nzuri kabisa. Angalieni niliyewaza kumdanganya ni nani.

Televisheni ikawaka dakika chache kabla ya mpira. Walinipigia makofi. Nilibebewa kuku. Nimefanya kazi nyingi safi maishani mwangu ambazo hakuna aliyenipa hata maji, na hiyo chafu ndiyo iliyopigiwa makofi.

Nilirudi Gongoni nikiwa na nia ya kuiunga ethi kesho yake. Lakini karakana ilikuwa na desturi yake. Kila kilichowekwa rafuni kilibandikwa selotepu ya karatasi yenye neno moja kwa kalamu ya wino mzito. Kilichopona tuliandika ZIMA. Kilichokufa tuliandika BOVU. Redio, pasi, feni, hatukujali sarufi, vyote vilikuwa zima au bovu. Jioni hiyo nikasikia kuna misheni upande wa Kaliua inauza vipimo vya karakana yake, na treni haingojei mtu. Nikataka kuacha onyo kwenye skopu: zima kabla ya kugusa. Selotepu ilikuwa imebaki kipande cha urefu wa kidole. Neno moja likaenea. Nikalibandika juu ya kioo, nikaondoka mbio.

Mwalimu wa Kiswahili angenitetea. Skopu ikiwa haina ubovu ni nzima, siyo zima, kwa hiyo nilichoandika kilikuwa ni amri na hakiwezi kuwa kitu kingine. Kwa sarufi nilikuwa sahihi. Sarufi haikumsaidia mtu.

Nikiwa Kaliua nikihangaika na vipimo vya misheni, alikuja Gongoni fundi mmoja wa Ulyankulu, Anatoli. Wengi mnajua watu wa Ulyankulu, wazazi walitoka Burundi wakafyeka msitu ule wakalima, wakajenga kanisa. Anatoli alikuwa fundi mzuri, rika langu, na Jumapili alipiga kinanda kanisani. Alikuwa ametafuta skopu miaka miwili. Fundi Nkwabi akaiona ile rafuni, akaona selotepu, akamuuzia.

Hakuipima. Mtu aliyenusa kila kitu kilichopita mlangoni kwake hakukipima hicho, kwa sababu mwandiko ulikuwa wangu.

Siku ya tatu Anatoli alibana kishikio cheusi kwenye televisheni, upande aliodhani ni salama, akijua kwamba akikosea ethi itapiga mlio; mlio haukuja, akafurahi. Akashika mpini aigeuze skopu aone vizuri. Mkono wa kushoto ulikuwa kwenye nondo za dirisha. Mkono wa kulia haukuachia. Mkewe, Editha, alisikia sauti ambayo hakuijua akaingia akachomoa plagi ukutani. Hakuwa fundi, lakini alijua cha kushika. Anatoli aliishi. Mkono wa kulia ulibaki na vidole viwili vinavyokunjuka.

Nilikuwa nimesharudi siku alipokuja Gongoni mkono ukiwa kwenye bandeji. Nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, natafuta bisibisi. Niliisikia sauti yake, na nikabaki pale.

"Mzee, shikamoo," alisema. Hata siku hiyo alianza na shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Imekuwaje mkono?"

"Wewe ndiye wa kuniambia. Umeniuzia nini?"

"Nilikupa skopu nzima."

"Nzima." Kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. "Mimi nina watoto wanne na mkono mmoja, na wewe unaniambia nzima. Watu wanasema Nkwabi hauzi kitu bila kukipima. Ulipima?"

Nilimsikia Fundi Nkwabi akivuta kiti, akikaa. Alijua, kama fundi yeyote angejua, kwamba skopu yenye ethi haifanyi hivyo. Na alijua mara ya mwisho ilikuwa mkononi mwa nani.

"Sikupima," alisema. "Nisamehe. Kosa ni langu, sikupima."

Anatoli alisema mengine ambayo sitayaandika. Wale wateja wawili waliondoka na redio zao. Nilitoka nyuma ya pazia kumeshatulia, nina bisibisi mkononi. Fundi Nkwabi aliniangalia kama alivyokuwa akiniangalia mimi na kile kipimo cha tumbaku, ila safari hii hapakuwa na mzaha. Aliningoja niseme. Nilimuuliza kama amekunywa chai.

Hakuniuliza kamwe. Wateja walipungua, maana Tabora ni mji wenye masikio makubwa, na neno kwamba Nkwabi anauza mashine za kuua lilifika mbali kuliko kazi zake zote njema. Alifunga karakana mwaka uliofuata. Nilibeba jeneza lake. Lilikuwa zima.

Baada ya mazishi ndipo nilikwenda Ulyankulu. Nilimkuta Anatoli uani anafunga majani ya tumbaku kwa mkono wa kushoto na meno.

"Karibu, fundi," alisema.

"Ufundi niliacha."

"Sasa kati yetu nani atamtengenezea mwenzake redio?"

Alinisogezea kigoda. Nilimwambia yote, Usoke, uzi wa katani, selotepu, pazia. Hakuacha kufunga majani. Nilipomaliza, alikata uzi kwa jino.

"Kwa hiyo ulikuwa unaamrisha," alisema. "Zima."

"Ndiyo."

"Ungeongeza hata nukta ya mshangao, bwana."

Sikujua kama nicheke. Yeye hakucheka.

"Nilimtukana mzee wa watu mbele ya wateja wake," alisema. "Na wewe ulikuwa ndani."

"Nilikuwa ndani."

"Mimi usiniombe msamaha leo. Sina wa kukupa, labda siku nyingine. Hiyo mashine iko wapi?"

Nilidhani iko kwake. Akaniambia Editha aliiuza yeye akiwa amelazwa, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anaelekea Uvinza. Nikamgeukia Editha, aliyekuwa mlangoni tangu nianze kusema.

"Aliniuliza kama ni nzima," Editha alisema. "Mimi najua nini? Nikamsomea."

Anatoli alinisukumia fungu la majani kwa mguu, kuashiria nimeshakaa vya kutosha. "Nenda kaitafute," alisema. "Hiyo bado ipo kazini."

Ndiyo maana natembea. Njia ninayopita ni ile ya misafara ya zamani, Tabora mpaka Ujiji. Watu walipita hapa na mizigo ya wengine kichwani, asiyejua kilichofungwa ndani akampokeza asiyejua mwenzake. Nilidhani hizo ni hadithi za somo la historia. Uvinza niliambiwa ilikwenda Kigoma. Kigoma wakasema iliuzwa pamoja na redio mbovu, ikarudi mashariki. Kila niliyemkuta aliyewahi kuimiliki alikuwa mzima, nashukuru, kwa sababu wengi waliiweka kama pambo au walipimia redio za betri. Na kila mmoja alimwambia aliyefuata neno lile lile, kwa kuwa limeandikwa.

Kisha mwezi uliopita, kwenye kundi lenu la simuni, nikaiona. Kona ya chini imeungua kidogo, nilipoiegeshea chuma cha kulehemu miaka ile. Selotepu imekuwa ya kahawia. Herufi Z ina kistari katikati, kama ninavyoandika mimi. Chini yake wewe, kijana, umeandika: "Wakuu, nimeokota chuma hapa Nzega. Nataka nianze kutengeneza pawa saplai za TV. Ni zima kabisa."

Nilikupigia hapo hapo.

"Shikamoo mzee," ulisema. Una adabu, hilo nalikumbuka.

"Marahaba, napiga kutoka Tabora. Mdogo wangu, hiyo skopu usiitumie. Ethi yake imekatwa ndani."

"Plagi nimeiangalia, mzee. Pini tatu zote zipo."

"Imekatwa ndani, siyo kwenye plagi."

"Umejuaje, na uko Tabora?"

"Niliikata mimi."

Ukacheka. Kicheko kile nilikisikia Usoke dirishani. "Mzee, hiyo mbinu tunaijua. Unaiponda ili niiachie, uje uibebe. Fundi mmoja wa Kaliua alishatusimulia alivyopigwa hivyo hivyo." Halafu ukakata, na tangu hapo simu yangu kwako haiiti.

Nimefika Nzega kwa basi nikauliza kwenye maduka ya redio siku mbili. Hakuna anayekujua kwa jina unalotumia kundini. Huyo fundi wa Kaliua aliyekusimulia, sina shaka ni nani aliyempiga.

Kwa hiyo sikuombi uniamini. Uaminifu wangu niliumaliza mwenyewe. Chukua multimita yako, iweke kwenye mlio. Ncha moja igusishe kwenye pini ya ethi ya plagi, nyingine kwenye duara la chuma mbele ya skopu, pale unapochomeka waya wa kupimia. Kwa skopu njema mita inalia. Kwa yako haitalia. Ninyi wengine fanyeni hivyo kwa kila skopu mtakayonunua mpaka mfe, na msiyaachie macho kazi ya mita.

Ikikaa kimya, na bado ukadhani nataka kukunyang'anya, fungua mfuniko. Nyuma ya transfoma ndogo, upande wa kushoto, utakuta waya wa kijani na njano umefungwa kando kwa uzi wa katani, fundo la tumbaku, moja ndani ya jingine. Hakuna aliyewahi kuliona ila mimi. Unga waya huo, uikaze nati yake, na skopu ni yako, siitaki, itakutumikia.

Ila kabla hujashika mfuniko, lisome lile neno la selotepu kama nilivyolikusudia. Zima. Kisha chomoa ukutani, ukae pembeni kidogo mpaka umeme uliobaki ndani uishe, ndipo ufungue.